Wifi Yangu na Paa la Mivinje

Wifi yangu Margaret ana kovu dogo chini ya kidevu, na mtaa wetu wote wa Junda unajua alivyolipata. Aligonga nguzo ya stima mchana kweupe, akitazama mti wa mkungu. Hakuwa amekunywa kitu. Alikuwa anaangalia jinsi matawi ya mkungu ule yalivyogawana anga, hili likienda huku na lile likimwachia mwenzake nafasi, akasahau kwamba miguu nayo hutaka kuangaliwa. Tulipomfikisha zahanati, damu ikimchuruzika hadi kwenye kola ya blauzi niliyomshonea kwa mikono yangu, alikuwa bado anacheka na kumweleza nesi habari za mkungu. Nilitaka kumzaba kofi.

Namwandika kwa sababu watu wakisikia neno "mtafiti" hufikiria mtu mkavu, mwenye miwani na asiyesalimu. Margaret si hivyo hata kidogo. Ni mwalimu wa bayolojia, ni mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya yetu, na akicheka huanza kwa kukoroma. Kaka yangu Ngowa, anayeendesha winchi bandarini, asema alimpenda kwa ajili ya mkoromo huo. Mimi nilichukua muda zaidi kumpenda. Mimi ni Judy, fundi cherehani, na sina subira na mtu anayenichafulia kazi.

Basi chuo kikuu kilipomkubali kusomea shahada ya pili, tulidhani atachukua jambo la kueleweka, kama malaria. Akatuambia atasomea paa la msitu.

"Msitu una paa?" akauliza Mama. Mama yetu ni Bi Rosalia, mwenyekiti wa akina mama kanisani, na swali lake lolote huwa ni onyo.

"Unalo, Mama," Margaret akajibu, macho tayari yanamng'aa. "Matawi ya juu yakikutana, hilo ndilo paa. Chini yake kuna mengine, na chini ya hayo mengine tena, kama ghorofa. Mti ukianguka, paa linatoboka. Jua linaingia, na kila kitu huko chini kinabadilika. Nataka kujua linatobokaje, na likishatoboka linajizibaje."

"Na wewe utapanda huko juu?"

"Hapana, Mama. Nitalala chini."

Mama akanigeukia mimi, kana kwamba ni mimi niliyemuoa.

Msitu wenyewe uko upande wa Bamburi, ndani ya machimbo ya zamani. Baba yake Mzee Ismail, jirani yetu mwenye machimbo hayo, alichimba humo mawe ya kujengea mpaka mahali pakabaki shimo pana, jeupe, lisiloota hata nyasi. Kisha wakapanda mivinje, na mivinje ikakubali. Leo ukishuka mle unajikuta katikati ya miti mirefu yenye majani membamba kama nyuzi, na ardhi yote imetandikwa majani makavu, hata ukivua viatu huumii. Kila Desemba Mzee Ismail alikuwa akipunguza miti. Magogo yalikwenda kwa wajenzi, na vilele alitupa sisi tupambie kanisa wakati wa Krismasi. Mzee Ismail ni Mwislamu wa swala tano, lakini ndiye aliyekuwa akituuliza kila Novemba kama mwaka huo twataka vikubwa au vidogo.

Sasa unaona hesabu ya wifi. Apime paa kabla, Mzee akate kama kawaida yake, apime paa baada. Aliuchagua msitu ule kwa sababu hiyo tu.

Chuo kilimpa kamera yenye lenzi iliyotuna kama jicho la samaki, inayoona anga lote kwa mpigo. Unaisimamisha usawa wa goti, uso wake juu, alama yake ikielekea kaskazini. Picha hutoka duara kama chapati, majani meusi na anga jeupe, na kompyuta humwambia weupe ni kiasi gani. Jua likiwa wazi picha huharibika, kwa hiyo huwa ni kungoja mawingu. Jumamosi nilikuwa nafunga kibanda changu nikamsaidie kushika dira na kufukuza siafu. Na kila baada ya picha, Margaret alilala chali kando ya kamera, eti kuhakikisha kwa macho. Hakukuwa na cha kuhakikisha! Alikuwa anapenda tu. Akiinuka nywele zimejaa majani, anayumba, anacheka peke yake.

"Ni kizunguzungu kitamu, wifi," aliniambia. "Hebu lala nawe."

"Nina sare za shule za kushona," nikamjibu. Sikulala.

Habari hizo zilimfikia Mama, na Mama hakuzipenda. "Mke wa watu ajilaza porini kama mlevi wa mnazi," alisema. Hakumwambia Margaret. Aliniambia mimi, kila siku, ili nimfikishie.

Picha za "kabla" zikajaa tele. Desemba ikafika, tukashuka machimboni tukiwa na furaha zetu, tukakuta bango jipya limepigiliwa mlangoni: MITI YA UTAFITI. NI MARUFUKU KUGUSA. Pembeni amesimama mlinzi na rungu. Mzee Ismail mwenyewe alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, na nyuma yake kulikuwa na wageni wake kutoka mjini.

"Shikamoo, Mzee," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Mwaona bango? Tangu leo hapakatwi hata kijiti. Huyu ndiye daktari wa miti yangu," akawaambia wageni, kifua mbele. "Asome kwa raha zake."

Nilimwona wifi akifungua mdomo. Nikamwona akiufunga.

"Ahsante sana, Mzee," akasema. "Mungu akuzidishie."

Nilingoja tufike barabarani nikamwakia. Mbona hukumwambia? Mdomo umeuazima kwa nani? Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua adabu za kwetu. Mzee wa watu amekuheshimu mbele ya wageni wake, utamwambiaje kwamba heshima yake imekuharibia kazi? Unashukuru, unakwenda kulia nyumbani. Na kweli, hata mimi na ukali wangu nisingeweza.

Basi mwaka uliofuata ukawa mwaka wa mapenzi, na mapenzi yale nusura yammalize. Mzee Ismail alifukuza wachuma kuni, akafukuza mbuzi, akafukuza vijana wa kupiga picha za harusi. Akina mama wa kanisa waliposikia kwamba mwenzao ana msitu wa kusomea, wakaanza kupita pale kwa zamu kuhakikisha hakuna mwenye panga. Kila mtu alipomwona Margaret alimhakikishia miti yake iko salama salimini. Wifi alishukuru, akatabasamu, akaja kibandani kwangu akaweka kichwa juu ya cherehani. Alikuwa na "kabla" ya kumtosha hadi uzeeni, na "baada" hata moja hana. Dakta Valarie, msimamizi wake chuoni, akampigia simu: picha za baada zisipopatikana kufikia Januari, jina lake litaondolewa, na miaka yote ile ya kubanana kati ya darasa, jiko na msitu iwe imekwenda na maji.

"Si uchukue msumeno mwenyewe usiku?" nikamwambia.

"Nitasema nini kwenye tasnifu? Kwamba msukosuko wa msitu ulisababishwa na mtafiti, akisaidiwa na wifi yake?" Akakoroma, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Nilimkumbatia. Nilimwonea huruma sana siku ile.

Mwezi wa Agosti akapata wazo. Wakati wa maombi alisimama kanisani, akaomba aombewe upepo. Hakueleza zaidi. Mchungaji Kamau, ambaye ni mtu wa bara na hufanya mambo kwa haraka, hakuuliza. Akainua mikono.

"Bwana, dada yetu anaomba upepo. Si ule wa kuua watu, Baba. Ule wa kiasi tu."

Jumanne yake kusi ilivuma, sijapata kuona. Ilichukua hema jipya la harusi la kanisa tulilokuwa tumelisimamisha uani, ikalipaisha na vyuma vyake, tukalikuta mtaa wa Ziwa la Ng'ombe limefunika kioski cha mtu, na mwenye kioski amekaa humo ndani akidhani giza limeingia mapema. Ilichukua na mabati ya jiko la kanisa. Mimi na wifi tukakimbilia machimboni mbio, mioyo inatudunda kwa matumaini mabaya. Mivinje ilikuwa imesimama yote. Iliinama upepo ulipopita, na upepo ulipokwisha ikainuka, na bango la Mzee Ismail halikuhama hata msumari. Tulikaa chini tukacheka hadi tukashikana mbavu, maana mtu ufanyeje? Mchungaji alimwomba Margaret asiombe tena kitu bila kumwona kwanza ofisini.

Kisha Desemba ikaja tena. Mwaka uliotangulia tulijikaza tukapamba kwa makuti, lakini mwaka huu Mchungaji Kamau alitaka kutufurahisha, akatuletea mti wa plastiki kutoka mjini. Kimo chake kilikuwa cha mtoto wa chekechea. Ulikuwa na taa, na taa zilikuwa na muziki, na muziki haukuwa na mahali pa kuuzimia. Kwaya ikagoma. Sauti ya nne wote walitoka nje wakakaa kwenye ngazi. Mama alirudi nyumbani amefura.

"Msitu tumemlindia sisi kwa zamu, Mzee Ismail tumemkosea nini?" alisema, akitupa mkoba. "Miaka yote atupa mivinje, leo atuacha tuimbe mbele ya mwanasesere?"

Hapo nilishindwa. Nilimwambia kila kitu, kuanzia bango mpaka upepo. Mama alinisikiliza bila kupepesa, kisha akaita kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu.

"Margaret!"

"Abee, Mama!" Akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Ile mivinje wewe wataka ikatwe?"

Margaret akanitazama mimi, akatazama unga. "Nataka, Mama. Si yote. Kama alivyokuwa akikata zamani. Isipokatwa mwezi huu, masomo yangu yamekwisha."

"Sisi nasi twataka vilele vya Krismasi."

"Ndiyo, Mama."

"Na Mzee Ismail mwenyewe ana wajenzi wanaomlilia magogo, nimewasikia kwa masikio yangu." Mama akaketi. "Yaani wewe wataka ikatwe, sisi twataka ikatwe, na mwenyewe ataka kuikata. Sasa ni nani asiyetaka?"

Mama akainuka, akachukua leso mpya kabatini, akajitanda. Tukamfuata kama vifaranga.

Mimi ningeingia kwa Mzee Ismail na neno langu mkononi, nikaharibu. Mama aliingia na salamu. Aliuliza hali ya Mzee, ya wake, ya watoto, ya wajukuu walioko Malindi, ya goti lake la kushoto. Akasifu kahawa. Akasimulia habari za hema letu la harusi, Mzee akacheka. Margaret alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, ananifinya mkono mpaka nikahisi mifupa. Ndipo Mama akaweka kikombe chini.

"Mzee Ismail, jirani yangu, mwaka wa pili sasa umetunyima vilele."

"Mimi niwanyime?" Mzee akashtuka. "Wallahi, Bi Rosalia, sikuwanyima. Nimemwachia mkeo huyu." Huku kwetu mke wa mwanao ni mkeo, ndivyo alivyosema.

"Na mke wangu ndiye aliyenileta nikuombe ukate. Masomo yake ni ya kuona paa la msitu likitoboka. Amekuwa akingoja utoboe. Ameona haya kukwambia, kwa vile ulivyomtukuza."

Mzee Ismail alimtazama Margaret, na mimi nikaanza kusali kimoyomoyo, kwani mzee akivunjika moyo hapo hata Mama hana dawa. Margaret aliteremka kitini, akachuchumaa mbele yake.

"Ni kosa langu, Mzee. Hukufanya ila wema."

"Mwaka mzima," Mzee akasema polepole, "nafukuza hata kunguru."

Bega lake likatikisika. Nilidhani analia. Kisha kofia ikamwangukia mapajani, na kicheko kikamtoka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Na wajenzi nimewatukana! Nimewaambia hii si miti, ni elimu! Haya, binti yangu, nionyeshe wataka nikate ipi."

"Hapana, Mzee," Margaret akasema, naye ameshaanza kukoroma. "Mimi nisichague. Kata kama ukatavyo siku zote, kana kwamba sipo."

Jumamosi yake sitaisahau. Kanisa zima lilishuka machimboni, na wajenzi, na jamaa za Mzee. Misumeno ikalia. Mvinje wa kwanza ulipoanza kuinama watu walirudi nyuma, ulipofika chini akina mama wakapiga vigelegele, na kule juu pakafunguka dirisha la anga palipokuwa pamezibwa na majani dakika moja iliyopita. Mwanga ulishuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo haukuwahi kugusa tangu nimeanza kwenda pale. Margaret aliruka juu kama msichana. Kila mti ulipoanguka alishika mashavu yake, akasema "Mama wee, tazama!" na hakuna aliyejua atazame nini, lakini tulitazama, na tulikuwa tumelewa furaha bila sababu tunayoweza kuitaja. Mchungaji Kamau alikumbatiana na mlinzi wa rungu. Mimi nilijikuta nacheza.

Vilele vikapakiwa, picha zikaanza. Jua lilikuwa kali, ikabidi tungoje wingu, na sijapata kuona Wakristo na Waislamu wakilitazama wingu moja kwa hamu namna ile. Likaja. Margaret akapiga kituo baada ya kituo, mimi nimeshika dira, umati unatufuata kwa nyuma. Tulipofika kituo cha mwisho, katikati ya tundu kubwa kuliko yote, kila mtu alitaka kuona. Wakaizunguka kamera, wakainama. Margaret akabonyeza, akatazama kioo, akapiga yowe la kicheko. Kichwa cha kila mtu kilikuwa kwenye picha. Kofia ya Mzee Ismail ilikuwa upande wa kaskazini, leso ya Mama kusini, na kola ya Mchungaji magharibi.

"Sogeeni!"

Tukasogea. Lenzi ile inaona kila kitu kilicho juu yake, hata ukienda mbali. Bado tulikuwamo, wadogo zaidi. Na wingu lilikuwa linapita.

"Basi laleni chini," akasema Margaret. "Nyote. Haraka, tafadhalini, jua laja!"

Watu wakatazamana. Walikuwa na nguo nzuri, kulikuwa na wazee, kulikuwa na heshima za watu. Margaret alimtazama Mama, na furaha ikamtoka usoni kidogo, kwani alijua yote Mama aliyoyasema juu ya kujilaza porini. Mama akafungua leso yake mpya. Akaitandaza juu ya majani makavu, akashuka kwa goti moja, kisha la pili, akalala chali, mikono kifuani. Baada ya hapo nani angekataa? Mchungaji alilala. Mzee Ismail alisaidiwa na wajukuu, akalala. Msitu mzima ukajaa watu waliolala, na mimi, fundi mwenye sare za kushona, nikalala kando ya mama yangu.

Nikusaidie usikae roho juu: Margaret alipita. Kwenye tasnifu, mahali pa kutaja chanzo cha msukosuko, aliandika kwamba miti ilipunguzwa na mwenyewe kwa ajili ya wajenzi na Krismasi, na wakubwa wa chuo walipofika hapo, asema, walicheka wakashindwa kuendelea.

Lakini siku ile hatukujua hayo. Tulikuwa tumelala, tunatazama juu. Kuzunguka tundu lile vilele vya mivinje vilikuwa vinayumba, vinakaribiana, vinaachana, havigusani. Wingu lilikuwa linakwenda, na kadiri lilivyokwenda nilihisi ni sisi tunaokwenda, ardhi yote na watu wake. Ghafla mkono wa Mama ukanikamata kwa nguvu.

"Judy, nishike. Naanguka."

"Mama, umelala. Utaangukia wapi?"

"Huko juu," akasema Mama, na akaanza kucheka, chini kwa chini kwanza, kisha kwa sauti, mama yangu, mwenyekiti wa akina mama, machozi yakimteremka masikioni. "Mwanangu Margaret! Kumbe ndiko ulikokuwa ukienda!"

Nikageuza kichwa. Jua lilikuwa limeshatoka wazi, hakuna tena picha ya kupigwa. Margaret alikuwa amepiga ya mwisho zamani, amefunika lenzi, amekaa ameikumbatia kamera, anatutazama. Aliponiona namwona, akaweka kidole mdomoni. Sikuwaambia.